Nani atainusa haidrojeni?

Nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Kampala zinaijua harufu ile. Mtungi umebadilishwa jioni, regulata haikukaa sawasawa, na baada ya dakika chache jiko zima linanuka kama yai viza na kitunguu kilichooza. Anayeinusa kwanza hupaza sauti: msiwashe taa, fungueni madirisha, toeni mtungi nje. Hakuna aliyepima chochote wala aliyesoma kipimo. Hata mtoto wa miaka sita anaiweza kazi hiyo, na nyumbani kwetu mara nyingi aliyetangulia kunusa alikuwa mtoto.

Harufu ile si ya gesi yenyewe. Propani na butani za mtungini hazinuki, na methani inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay nayo hainuki. Harufu hutiwa makusudi kwa kemikali za jamii ya merkaptani, zenye salfa ndani yake, ambazo pua ya binadamu huzihisi hata zikiwa chembe chache tu katika bilioni ya chembe za hewa. Kilichoifanya iwe sheria ni msiba. Tarehe 18 Machi 1937, huko New London, Texas, shule iliyokuwa imejiunganishia gesi ya visima vya mafuta vya jirani ili kupunguza gharama ililipuka mchana, muda mfupi kabla ya watoto kuruhusiwa kwenda nyumbani. Gesi ilikuwa imejaa katika uwazi chini ya sakafu bila mtu kuhisi kitu, hadi cheche ya mashine ya umeme ilipoiwasha. Walikufa watu karibu 300, wengi wao watoto. Wiki chache baadaye Texas ilipitisha sheria ya kuitia gesi harufu, na nchi nyingine zikafuata.

Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Wahandisi wa miaka ile walifanya kazi ya kuivundisha gesi isiyovunda, ili ijifichue yenyewe. Tangu hapo kila anayeishi juu ya bomba la gesi ya mjini amekuwa mlinzi wake, bila mshahara na bila mafunzo.

Sasa dunia inapanga kuzika mabomba marefu ya haidrojeni, na haidrojeni haina rangi wala harufu. Ujerumani imekwenda mbali zaidi kuliko nchi nyingine za Ulaya: tarehe 22 Oktoba 2024 mamlaka yake ya mitandao, Bundesnetzagentur, iliidhinisha mtandao mkuu wa haidrojeni wenye kilomita 9,040, utakaogharimu takriban euro bilioni 18.9 na kukamilika mwaka 2032. Kiasi cha asilimia 60 ya mabomba hayo ni yale yale ya gesi asilia, yatakayosafishwa, kukaguliwa na kubadilishiwa kazi. Mengi yatapita karibu na mashamba, barabara, viwanda na vitongoji. Nimesoma mengi kuhusu pampu, mikopo na bei za mtandao huu, lakini machache mno kuhusu swali linalonikera: yule mlinzi asiye na mshahara anapoondolewa kazini, nani anachukua zamu yake?

Turudi Texas kidogo, maana jambo hili limeandikwa kwenye kanuni. Marekani ina kilomita zipatazo 2,600 za mabomba ya haidrojeni, na sehemu kubwa iko pwani ya Ghuba ya Mexico, Texas na Louisiana, kuhudumia viwanda vya kusafisha mafuta na vya kemikali. Kanuni ya shirikisho ya usalama wa mabomba ya gesi, kifungu 192.625, inataka gesi inayoweza kuwaka itiwe harufu pale bomba kuu linapopita kwenye makazi ya watu wengi. Halafu inaorodhesha misamaha, na mmoja wake ni haidrojeni inayokwenda kuwa malighafi ya kiwandani. Jimbo lililoifundisha dunia kuitia gesi harufu ndilo leo lenye sehemu kubwa ya mabomba ya gesi iliyosamehewa harufu.

Sababu ya msamaha inaeleweka, na siwezi kuipuuza. Viwanda vya mafuta hutumia haidrojeni kuondolea salfa kwenye dizeli. Kuwapelekea haidrojeni iliyotiwa salfa ni kuwapa kazi mara mbili. Kwenye viwanda vya amonia salfa huua vichocheo. Tena mabomba hayo yana waendeshaji wachache wazoefu, na wateja wao ni mainjinia. Bomba la bonde la Rhine na Ruhr, Ujerumani, limefanya kazi tangu 1938 kwa mtindo huo, likihudumia viwanda vya kemikali. Sasa lina urefu wa kilomita 240 hivi. Wanaotetea haidrojeni hupenda kulitaja, na ni haki yao. Lakini bomba la kiwanda hadi kiwanda, lenye mmiliki mmoja na wateja anaowajua kwa majina, halilingani na mtandao wa nchi nzima unaopita chini ya watu wasiojua hata kama upo.

Kinachofanya uvujaji wa haidrojeni usilingane na wa methani ni tabia ya gesi yenyewe, na hapa inafaa tuende polepole, kwa sababu hofu za uongo zimechanganyika na hofu za kweli.

Methani huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Haidrojeni huwaka kuanzia asilimia 4 hadi 75. Nguvu ya cheche inayotosha kuiwasha, ikiwa imechanganyika na hewa kwa kiwango kinachoifaa zaidi, ni kama sehemu moja ya kumi na tano ya ile ya methani. Umeme wa nguo za nailoni unatosha. Lakini takwimu hiyo ya cheche ni ya mchanganyiko mzito, wa karibu asilimia 30. Haidrojeni inapokuwa nyepesi hewani, asilimia 4 au 5, si rahisi kuiwasha kuliko methani. Kisha ni nyepesi mara kumi na nne kuliko hewa, hivyo nje, mahali pa wazi, hupaa na kutawanyika upesi sana. Hatari yake kubwa iko mahali palipofunikwa: chemba za chini ya barabara, mifereji ya nyaya, sakafu za ghorofa ya chini, dari zisizo na tundu la juu. Bomba likivuja chini ya shamba, gesi hupanda moja kwa moja. Likivuja chini ya lami, gesi hutafuta njia pembeni, hufuata mchanga uliofukiwa kando ya bomba la maji au mfereji wa simu, na inaweza kuibukia ndani ya jengo lililo mbali na tundu.

Watu husema pia kwamba haidrojeni, kwa udogo wa chembe zake, hupenya kila kitu. Majaribio ya Uingereza chini ya mradi wa H21, yaliyofanywa kwenye maabara ya Buxton, yalilipima hilo kwa vipande halisi vilivyochimbuliwa kwenye mitandao ya zamani. Vipande 215 vilijaribiwa. 41 vilivuja, na 19 kati yake vilitoa vipimo vya kutosha kulinganisha gesi hizo mbili. Haidrojeni ilivuja kati ya mara 1.1 na 2.2 ya ujazo wa methani. Hakuna kipande kilichoizuia methani kikashindwa kuizuia haidrojeni, na viraka vilivyoziba methani viliziba haidrojeni pia. Vilivyovuja vilikuwa zaidi vya chuma cha zamani na viungo vya kizamani. Plastiki ya polithini haikuvuja. Kwangu hii ni habari njema, na ilistahili kusikika kuliko ilivyosikika. Ugumu wa haidrojeni uko mahali pengine: inapovuja tuna vyombo vichache vya kuionea, na chuma kilichoishi nayo miaka mingi hupata ufa unaokua haraka zaidi kila presha inapopanda na kushuka.

Tuanze na vyombo. Kwa methani, kampuni hurusha helikopta au droni yenye kamera ya infraredi na kuiona gesi ikifuka kama moshi. Methani hufyonza mwanga wa infraredi. Haidrojeni haiufyonzi, kwa hiyo kamera ile ile itapita juu ya uvujaji wa haidrojeni na kuonyesha majani tu. Kuna ujanja mwingine wa kutafuta doa la baridi, kwa kuwa gesi asilia hupoa inapotoka kwenye presha kubwa. Haidrojeni katika joto la kawaida hufanya kinyume, hupata joto kidogo. Ujanja wa pili nao umeondoka.

Kinachobaki ni vyombo vya kuigusa gesi yenyewe. Vipo vya palladiamu, madini yanayofyonza haidrojeni kama sifongo inavyofyonza maji. Vipo vya kielektrokemikali. Vipo vinavyopima jinsi hewa inavyopitisha joto. Vinafanya kazi vizuri, lakini lazima gesi ifike vilipo. Katika chemba au kituo cha kupunguzia presha hilo ni rahisi. Katika kilomita 9,000 za ardhi hutapanda kimoja kila hatua kumi.

Mafundi wa mabomba ya maji wanaijua haidrojeni kwa upande mwingine kabisa. Wanapotafuta tundu dogo kwenye bomba lililozikwa, huingiza ndani mchanganyiko wa asilimia 5 ya haidrojeni na asilimia 95 ya naitrojeni, ambao hauwaki, kisha hutembea juu na kifaa cha kunusa. Haidrojeni hupita kwenye udongo, hata kwenye zege, na kuibuka karibu na tundu. Hivyo mkaguzi anayetembea kwa miguu na kifaa sahihi, na kutoboa vishimo vidogo vya kupimia pale anaposhuku, anaweza kuikuta haidrojeni vizuri kuliko methani. Njia ipo. Shida ni kwamba mkaguzi hupita siku moja, kisha huondoka, na tundu halina ratiba.

Ndiyo maana waendeshaji huweka tumaini kwenye chumba cha kuongozea mitambo. Huko kompyuta hulinganisha gesi iliyoingia na iliyotoka. Ikipungua njiani, kuna tundu, au vipimo vimekosea, au presha ndani ya bomba imebadilika, na kutofautisha hayo matatu ndiyo kazi. Mfumo wa aina hii huhesabiwa kuwa mzuri ukitambua upotevu wa asilimia 1. Tupige hesabu: bomba linalopitisha tani 10 za haidrojeni kwa saa likipoteza asilimia 1, zinatoka kilo 100 kila saa, yaani takriban mita za ujazo 1,190. Kwa siku nzima ni tani 2.4. Zinaweza kutoka chini ya barabara yenye lami, na skrini ya kompyuta ikabaki kijani.

Njia nyingine husikiliza wimbi la presha linalokimbia ndani ya bomba linapopasuka ghafla. Katika haidrojeni wimbi hilo huenda kama mita 1,300 kwa sekunde, karibu mara tatu ya mwendo wake katika methani. Taarifa hufika mapema, lakini saa za vituo viwili zikitofautiana kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, mahali pa kuchimba panasogea kwa mita 65 hivi. Na tundu linaloanza taratibu, kama la kutu, halitoi wimbi lolote.

Kebo ya faiba iliyolazwa kando ya bomba ndiyo ninayoithamini zaidi kati ya vyote. Mwanga unaopita ndani yake hubadilika ardhi inapotikisika, hivyo humsikia mchimbaji kabla ya ndoo ya katapila kugusa chuma. Na wachimbaji wa watu wengine ni miongoni mwa maadui wakubwa wa mabomba duniani kote. Tarehe 30 Julai 2004, huko Ghislenghien, Ubelgiji, bomba kubwa la gesi asilia lililokuwa limejeruhiwa na mashine za ujenzi lilianza kuvuja. Uvujaji uliripotiwa, wazima moto wakafika, na wakiwa pale bomba likapasuka. Walikufa watu 24 na wengine zaidi ya 130 wakajeruhiwa. Faiba ingesikia jeraha siku lilipotokea. Ila mabomba mengi ya zamani yanayobadilishiwa kazi hayana faiba kando yake, na kuchimba mamia ya kilomita ili kuilaza ni gharama ambayo sijaona mhasibu anayeipokea kwa furaha.

Basi tuseme mtambo umelia. Hapo ndipo ninapohofia zaidi, kwa sababu historia inaonyesha kwamba kati ya kengele na valvu kuna mtu mwenye mashaka.

Jioni ya tarehe 25 Julai 2010, bomba la mafuta ghafi namba 6B la kampuni ya Enbridge lilipasuka karibu na Marshall, Michigan. Kengele zililia kwenye chumba cha kuongozea, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo. Waliokuwa zamu walidhani ni mapovu ndani ya bomba, jambo la kawaida linapozimwa na kuwashwa. Wakawasha pampu tena. Wakaziwasha mara ya pili. Usiku ule wakazi walipiga simu ya dharura wakilalamikia harufu kali. Wazima moto walikwenda kutafuta na hawakupata chanzo. Zilipita saa zaidi ya 17 hadi mfanyakazi wa kampuni nyingine, ya gesi, alipopiga simu kusema kuna mafuta mtoni. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ulionyesha kwamba galoni zaidi ya 840,000 zilimwagika, na asilimia 81 ya hizo zilitoka zile mara mbili pampu zilipowashwa upya. Pua za wakazi zilikuwa sahihi tangu usiku wa kwanza, na mtambo nao ulikuwa sahihi. Aliyekosea ni mfumo uliompa mtu wa zamu sababu nyingi za kutoamini na hakuna hata moja ya kuzima.

Wiki chache baadaye, tarehe 9 Septemba 2010, bomba la gesi lilipasuka katikati ya makazi ya San Bruno, California. Watu 8 walikufa na nyumba 38 ziliteketea. Huko hakuna aliyehitaji kuambiwa kuna moto. Hata hivyo zilipita dakika 95 hadi gesi ilipozuiwa, kwa kuwa valvu zilikuwa za kufungwa kwa mkono na mafundi walipaswa kuendesha gari hadi zilipo.

Marekani ilijibu kwa kanuni iliyotolewa Aprili 2022: mabomba mapya ya inchi 6 na zaidi, kwa sehemu kubwa, yawe na valvu za kujifunga au za kufungwa kutoka mbali, na zifungwe ndani ya dakika 30 tangu mpasuko utambuliwe. Naisifu kanuni hiyo. Lakini tazama saa inaanza kuhesabiwa lini: tangu mpasuko utambuliwe. Marshall utambuzi ulichukua saa 17, na baada ya hapo kufunga hakukuwa na shida. Kanuni inayoanza kuhesabu pale mwendeshaji anapokubali kwamba kuna tatizo inampa nafasi ya kuchelewa kukubali. Kwa haidrojeni, ambayo jirani hawezi kupiga simu kuisemea, nafasi hiyo ni kubwa zaidi.

Kenya tuna kumbukumbu yetu. Tarehe 12 Septemba 2011, mtaa wa Mukuru kwa Sinai, Nairobi, petroli ya bomba lililovuja ilitiririka kwenye mfereji katikati ya mabanda. Wakazi waliiona, wakaja na ndoo na madumu, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Mwaka 2015, huko Thange, Makueni, wakazi walikuta mafuta kwenye mto wao kutoka bomba la Mombasa hadi Nairobi. Mara zote mbili habari ilikuwa machoni na puani mwa mwananchi. Kilichokosekana Sinai ni mtu wa kuigeuza habari hiyo kuwa amri ya kuwaondoa watu mara moja. Sisemi haya kufananisha petroli na haidrojeni. Zinatofautiana karibu katika kila jambo. Nasema kwamba anayeishi juu ya bomba amekuwa mtambuzi wa kwanza tena na tena. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya wakala wa usalama wa mabomba wa Marekani mwaka 2012 uliona hivyo hivyo: kwenye mabomba makuu ya gesi, wafanyakazi wa ardhini, makandarasi na doria za ndege waligundua uvujaji mara nyingi kuliko chumba cha kuongozea, na kwenye mitandao ya mijini waliotangulia ni wananchi na vikosi vya dharura.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: haidrojeni itiwe harufu kila inapopita karibu na makazi ya watu, kwenye bomba kuu na la mjini, na msamaha wa malighafi ufutwe katika maeneo hayo.

Najua pingamizi. La kwanza ni seli zinazogeuza haidrojeni kuwa umeme kwenye magari. Kiwango cha kimataifa cha ISO 14687 kinaruhusu salfa sehemu 4 tu katika bilioni kwenye haidrojeni ya seli hizo, na kemikali za harufu zimejaa salfa. Ni kweli. Lakini haidrojeni iliyopita kwenye bomba la zamani la gesi asilia itachukua mabaki ya zamani hata bila harufu, na muuzaji wa haidrojeni ya magari atalazimika kuisafisha kabla ya kuiuza. Chujio lile lile linaweza kuitoa harufu. Gharama ipo, na itaangukia mlango wa mteja anayehitaji usafi huo badala ya kuangukia kila anayelala juu ya bomba.

La pili ni kwamba huenda harufu isisafiri pamoja na gesi nyepesi hivyo. Waingereza walilipima chini ya programu ya Hy4Heat, wakajaribu kemikali tano na kupendekeza ile ile inayotumika kwenye gesi ya Uingereza leo, iitwayo NB. Pua iliyozoea gesi ya kupikia ingeitambua haidrojeni bila somo jipya. Nakubali kwamba udongo wa mfinyanzi unaweza kunyonya harufu kabla haijafika juu, na hilo hutokea kwa gesi asilia pia. Ndiyo maana sipendekezi pua peke yake.

La tatu ni mazoea. Ujerumani huitia gesi harufu inapoingia mitandao ya mijini, wala si kwenye mabomba makuu. Ufaransa huitia harufu tangu mwanzo wa bomba kuu. Tofauti hiyo ilikuwa kizuizi cha kupeleka gesi kutoka Ufaransa kwenda Ujerumani, hadi Oktoba 2022, upungufu wa gesi ya Urusi ulipobana na gesi yenye harufu ikaruhusiwa kuvuka mpaka. Ilipolazimu, iliwezekana.

Kuna uvujaji ambao hata harufu haitausema, ule mdogo wa kila siku kwenye viungo na pampu. Nao una uzito wake kwa tabianchi: haidrojeni hewani hula kemikali zinazosafisha methani, hivyo methani huishi muda mrefu zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba kilo moja ya haidrojeni ina athari ya joto mara 11.6 ya kilo moja ya hewa ukaa katika miaka 100. Bakteria wa udongoni hula haidrojeni, na baadhi ya uvujaji huo utaishia matumboni mwao. Si msingi wa kujengea sera. Kazi hiyo iachiwe vifaa vinavyopima sehemu za bilioni, na vipimo vyake vitangazwe hadharani kila mwaka.

Baada ya harufu linakuja suala la nani anaruhusiwa kufunga. Ningependa sheria iseme kwamba dalili mbili zisizotegemeana, tuseme kushuka kwa presha pamoja na simu moja ya mwananchi, zinafunga valvu zenyewe, na mtu wa zamu abaki na kazi ya kueleza kwa nini afungue tena. Hasara ya kiwanda kusimama saa mbili bure inahesabika, na bima inaweza kuibeba. Kwa haidrojeni kufunga mapema kuna faida ya ziada: gesi hutoka haraka kuliko methani, hivyo kipande kilichofungwa pande zote mbili humwagika na kwisha upesi.

Na kikosi cha zimamoto kiandaliwe tofauti. Moto wa haidrojeni mchana hauonekani vizuri, na joto lake halimfikii mtu wa mbali kama la moto wa petroli, kwa hiyo askari anaweza kuukaribia bila kujua. Kwenye vituo vya roketi vya NASA wafanyakazi walikuwa wakitembea na ufagio wa majani mbele yao, ukiwaka, wamefika. Siku hizi kuna kamera za joto, na kila gari la zimamoto kwenye njia ya bomba liwe nayo. Kanuni ya kwanza watakayofundishwa itawashangaza: wasiuzime moto huo kabla valvu haijafungwa, maana gesi isiyowaka ikijikusanya chini ya paa ni hatari kuliko mwali unaowaka mahali unapoonekana kwenye kamera.

Kwetu mambo haya bado ni madogo. Mkakati wa Kenya wa haidrojeni ya kijani, uliotangazwa Septemba 2023, unaanza na mbolea, na mipango ya kutumia umeme wa jotoardhi wa Olkaria ingeigeuza haidrojeni kuwa amonia pale pale kiwandani, kwenye mabomba mafupi ndani ya uzio. Tanzania ina bomba la gesi asilia la Mtwara hadi Dar es Salaam tangu 2015 na mtandao unaoanza kuingia majumbani, wa gesi inayonuka. Kanuni za haidrojeni zitakapoandikwa hapa, nusu yake zitanakiliwa kutoka kwa Wajerumani na Wamarekani. Kifungu cha msamaha kitakuja ndani ya nakala hiyo, kimekaa kimya katikati ya vifungu vingine.

Kando ya mabomba ya gesi huwekwa vibao vya kuonya, vyenye namba ya simu. Kwa gesi inayonuka, kibao humwambia mpita njia jambo moja tu: ukisikia harufu, piga. Wanaotaka kuzika haidrojeni isiyonuka chini ya watu walete kwanza rasimu ya kibao chao, tuone wamemwandikia jirani apige simu akihisi nini.